Lori Lisilovuta: Uainishaji wa Awali, kwa Kuzingatia Mlima Kitonga

Taaluma ya kuchunguza malori yasiyovuta imekua nchini Tanzania bila kitivo, bila jarida, na bila mtu hata mmoja kuvaa joho kwa ajili yake. Maabara yake kuu ni Mlima Kitonga, pale barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma inapoliacha bonde la Ruaha na kuanza kukwea kuelekea Ilula na Iringa. Lori lililopita Morogoro kwa majigambo, likavuka Mikumi bila hata kutazama twiga, hufika hapo likatakiwa kuthibitisha madai yake. Likishindwa, jopo la watahini liko tayari: dereva, taniboi, madereva wengine waliopaki kupumzika, mafundi wa Mahenge na Ruaha Mbuyuni, wauza vitunguu, na mwenye mali, ambaye hushiriki kwa simu na ambaye mtandao wake hukatika kila anapotajiwa bei.

Tuanze na fasili, maana wasomi wasiokubaliana juu ya fasili hawana hata cha kugombania. Upungufu wa nguvu ni hali ambamo dereva amekanyaga mafuta hadi mguu umegusa bati, amepangua gia hadi hakuna tena ya kupangua, na bado kijana mwenye baiskeli ya mkaa anampita huku anamsalimia. Fasili hii ina kasoro moja kubwa: Kitonga, kijana wa baiskeli huweza kulipita lori zima kabisa lisilo na ugonjwa wowote. Lori na tela lake vikiwa na ekseli saba kwa jumla vinaruhusiwa kisheria kufikisha tani 56, mzigo na chuma vikijumlishwa, na tani 56 zikielekezwa mbinguni hazina haraka. Kwa hiyo mgawanyo wa kwanza kabisa, ambao nashangaa haujaingizwa kwenye mitaala, ni kati ya upungufu halisi na upungufu wa kudhaniwa.

Upungufu wa kudhaniwa una mashina mawili. La kwanza ni la kumbukumbu: dereva anakumbuka gari lilivyokuwa likipanda mwaka lilipotoka Ulaya, na kumbukumbu, tofauti na injini, haizeeki. La pili ni mzigo wa njiani, yaani ule unaopakiwa baada ya mizani, ambao kisheria haupo. Mzigo usiokuwepo hauwezi kutajwa kuwa sababu. Ndiyo maana lori lililobeba mzigo huo likianza kukohoa, uchunguzi wote hufanyika kuanzia kwenye injini kwenda mbele, na hakuna anayegeuka kutazama nyuma.

Upungufu halisi huanza na matini ifuatayo, ambayo ukiisikia mara moja umeisikia yote:

– Bosi, gari haivuti.

– Haivuti vipi? Si jana ulisema inakimbia?

– Jana ilikuwa tambarare, bosi.

– Fundi kaiona?

– Kaiona. Anasema turbo.

– Turbo shilingi ngapi?

Mhakiki makini atagundua kwamba kati ya swali la tatu na jibu lake kabini haijalazwa, hakuna spana iliyotoka kwenye boksi, na fundi mwenyewe bado ana chapati mkononi. Hata hivyo hukumu imeshatoka. Hapa tunakutana na kanuni ninayopendekeza iitwe Kanuni ya Kwanza ya Kitonga: kifaa hushukiwa kwa kadiri ya bei yake, si kwa kadiri ya kosa lake. Turbo ni ghali, ina jina ambalo hata mwenye mali analijua, na hupiga mluzi. Hozi haina jina, haina mluzi, na bei yake inaona haya kutajwa kwenye simu ya masafa marefu. Uainishaji wangu wote unakusudia kuonyesha kwamba kifaa hicho cha kwanza kutuhumiwa kinastahili kuwa cha mwisho.

Historia kidogo, kwa kuwa makala ya kitaaluma isiyo na historia huonekana imeandikwa na mtu aliye na kazi nyingine ya kufanya. Wazo la kuusokota moshi wa ekzosi ili ufanye kazi ya pili liliandikishwa hataza mwaka 1905 na Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss aliipakia injini ya ndege kwenye lori na kuipandisha hadi kilele cha Pikes Peak, jimbo la Colorado, mita zipatazo 4,300 juu ya usawa wa bahari, apime kama turbo itairudishia nguvu inazopoteza kwenye hewa nyepesi. Iliirudishia. Vitabu vinalisifu tukio hilo kama ushindi wa injini ya ndege. Mimi nasikitika kwamba lori lililoibeba hadi juu halipewi heshima inayolistahili, na ningetoa kiasi fulani cha fedha kujua dereva wake alisema nini njiani.

Kinachotendeka humo ndani ni hiki. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa shafti na jingine upande wa pili. Hilo la pili hunyonya hewa kupitia eakilina, huisindilia, na kuituma kwenye intakula ipoe kabla ya kuingia kwenye silinda. Shafti hiyo hufikia mizunguko 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando wa oili. Kazi yote ni kuipa injini hewa nyingi kuliko inavyoweza kujivutia yenyewe. Ruaha Mbuyuni iko chini bondeni. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 14 ukilinganisha na ya Kurasini, Dar es Salaam. Lori lisilo na turbo hupanda likinyang'anywa hewa kidogo kidogo. Lenye turbo nzima halihisi sana. Lenye turbo nzima lakini hozi iliyopasuka hunyang'anywa hewa mara mbili, mara ya kwanza na mlima na mara ya pili na hozi, na hapo ndipo kijana wa baiskeli anapotokea.

Sasa uainishaji wenyewe. Kiswahili tayari kina ngeli za kutosha kuwatesa watoto wa shule, kwa hiyo nitatumia kigezo kimoja tu ambacho hata aliyesimama kando ya barabara anakiona: moshi.

Ukoo mkubwa na tajiri ni wa moshi mweusi. Dizeli inafika, hewa haitoshi, na kile kisichoungua hutoka nyuma na kumpaka masizi mwenye pikipiki. Ukiona moshi mweusi na lori halivuti, usiguse pampu, usiguse nozeli; tafuta hewa imepotelea wapi. Spishi ya kwanza hapa ni eakilina iliyoziba. Dawa yake ya jadi ni taniboi kuichomoa na kuibamiza kwenye tairi hadi vumbi lote litoke. Baada ya vipigo kadhaa karatasi yake huchanika, lori huvuta vizuri kabisa kwa muda, na vumbi linaloingia huanza kuchonga visu vya turbo na kuta za silinda kimyakimya. Ni mfano mzuri wa ugonjwa unaopona kwa kugeuzwa kuwa ugonjwa mwingine wa bei kubwa zaidi. Iliwahi kuwepo spishi ndogo ya mfuko wa rambo uliofyonzwa na kukwama kwenye bomba la kuvutia hewa. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, spishi hiyo imekuwa adimu, na wataalamu wa uhifadhi hawajaonyesha huzuni yoyote.

Spishi ya pili ndiyo mfalme wa ukoo, na nitakaa nayo. Ni mvujo kati ya turbo na injini: hozi ya mpira iliyochoka, kibano kilicholegea, au intakula iliyopasuka pembeni inapokutana na tangi lake. Kinachoifanya spishi hii kuwa na hadhi ya pekee ni tabia yake ya kujificha. Lori likiwa limesimama, hata ukipiga resi mpaka kuku wa kijiji wahame, turbo haisukumi hewa nyingi kwa sababu injini haina mzigo. Mpasuko ulioko chini ya kibano hubaki umefunga mdomo. Fundi anasikiliza, hasikii kitu, anatikisa kichwa. Lori likirudi mlimani, mzigo ukakaza, hewa ikasindiliwa, mdomo hufunguka na kila kilichokusanywa na turbo hutoka hapo kwa sauti ya mtu anayetaka kusema siri. Dereva husikia. Fundi, aliyebaki chini, hasikii. Mabishano makubwa katika taaluma yetu yametokana na ukweli kwamba watu hawa wawili hawajawahi kulisikiliza lori hilohilo katika hali ileile.

Lakini mvujo huo huacha saini. Ndani ya mabomba ya hewa daima huwa na ukungu mwembamba wa oili. Pale hewa inapopenya nje, oili hupenya nayo, vumbi hunata juu yake, na kuunda mstari mweusi, laini, wenye unyevunyevu, upana wake kama wa ukucha. Fundi mzuri haanzi na spana. Anaweka taa mdomoni, anapitisha kidole upande wa chini wa kila hozi, kule ambako macho hayafiki, halafu anakitazama kidole. Ikiwa kimerudi na vumbi kavu, anaendelea. Kikirudi na ule weusi unaoteleza, amemaliza utafiti, na kilichobaki ni kutafuta hozi ya kipenyo hicho Iringa au, kama siku si nzuri, kukata mpira wa tairi la ndani na kuufunga kwa waya hadi Makambako. Wengine hutumia povu la sabuni ya unga, wanalipaka kwenye maungio huku mwenzao ameziba mwisho mmoja na kuingiza upepo wa tairi. Vipovu huchemka palipo na mvujo. Mbinu hii ni sahihi, haina ubishi, na hufuata utaratibu wa kisayansi kiasi kwamba wateja huishuku.

Kabla ya kuondoka kwenye moshi mweusi, nitaje kwa haraka mvujo wa upande wa pili, yaani gasketi ya manifoldi ya ekzosi iliyoungua, ambayo huufanya moshi utoroke kabla ya kuizungusha turbo na kuacha masizi kwenye chuma. Na breki ya ekzosi, kile kifuniko kinachoziba bomba ili lori lisikimbie likiteremka. Kikikwama nusu kimefunga, lori hupanda mlima likiwa limeshika breki kwa pua. Nimeona injini ikifanyiwa ovaholi wakati kifuniko hicho kiko palepale kimejikunyata, hakijaulizwa hata swali.

Ukoo wa pili hauna moshi. Lori halivuti, na ekzosi ni safi kama ya gari la ubalozi. Hapa hewa ipo. Dizeli ndiyo haifiki. Filta imeziba, au bomba la kutoka kwenye tangi linanyonya upepo mahali, au (na hii huwaudhi watu kwa urahisi wake) tundu dogo la kupumulia kwenye kifuniko cha tangi limezibwa na tope. Mafuta yakitoka, tangi linabaki na utupu unaoyavuta yarudi. Ukilegeza kifuniko utasikia tangi likivuta pumzi ndefu, na lori litapanda. Hakuna mwenye mali aliye tayari kuamini kwamba lori la mamilioni lilisimamishwa na tope lenye ukubwa wa mbegu ya papai, kwa hiyo fundi mwenye uzoefu hulegeza kifuniko kwa siri kisha hukaa chini ya injini muda wa kutosha kuhalalisha malipo.

Humo pia mnaingia uchakachuaji. Zamani dizeli ilichanganywa na mafuta ya taa kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa rahisi zaidi. Mwaka 2011 serikali iliyapandishia ushuru ili biashara hiyo isilipe, hatua iliyoyaponya malori na kuziumiza koroboi. Mafuta ya taa ni mepesi, na hayailainishi pampu kama dizeli. Pampu iliyonyweshwa mchanganyiko huo kwa muda mrefu hulika, na pampu iliyolika haina shinikizo; lori huwa zuri asubuhi na kuchoka injini ikipata moto. Dereva atasema limechoka kama binadamu, na kwa mara moja mfano wa dereva utakuwa na ukweli wa kimakanika.

Halafu kuna mwanaharamu wa ukoo huu, ambaye ameniharibia jedwali zuri nililokuwa nimelichora. Kwenye pampu za zamani kuna kibomba chembamba, unene wa penseli, kinachotoka kwenye manifoldi ya hewa kwenda kichwani mwa pampu. Kazi yake ni kupeleka habari: turbo ikisukuma hewa, shinikizo hupita humo, hubonyeza kiwambo cha mpira, na pampu hujua sasa inaruhusiwa kuongeza dizeli. Kibomba kikipasuka, au kiwambo kikitoboka, hewa iko tele, dizeli iko tele, turbo inapiga mluzi kwa furaha, lakini pampu haijaambiwa. Inaendelea kutoa kiasi cha injini isiyo na turbo. Moshi hakuna. Mvujo mkubwa hakuna. Filta mpya. Turbo ikibadilishwa, ile mpya nayo itapiga mluzi kwa furaha ileile. Kibomba hiki ni cha ukoo gani: wa hewa, kwa kuwa kinabeba hewa, au wa dizeli, kwa kuwa anayekufa njaa ni dizeli? Nimelifikiria sana swali hili na nimeamua kukipa ukoo wake chenyewe, uitwao Ukoo wa Taarifa Isiyofika, ambao nashuku una wanachama wengi nje ya gereji.

Ndugu wa kisasa wa ukoo huo ni kompyuta. Malori ya karne hii yana sensa inayopima shinikizo la hewa. Sensa ikifunikwa na ule ukungu wa oili, husoma uongo, na kompyuta, ambayo haijawahi kumshuku mtumishi wake, hubana dizeli ili kuilinda injini. Lori huingia kwenye hali ya kujihami na kupanda Kitonga kwa mwendo wa maandamano ya mazishi. Malori yaliyokuja yakiwa yametumika Ulaya yana sababu ya ziada, AdBlue, kimiminika cha urea cha kusafisha moshi: kikiisha, injini hupunguziwa nguvu kwa makusudi, kama adhabu. Huitwa fundi wa mashine, kijana mwenye kompyuta mpakato na viatu safi. Anachomeka, anafuta makosa, analipwa, anaondoka. Lori huvuta vizuri hadi kompyuta ikumbuke. Kufuta kosa si kulitubia, ila kijana huyo hakuahidi toba.

Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweupe ni dizeli isiyoungua au maji kutoka kwenye gasketi ya silinda hedi. Zote mbili ni habari mbaya na hazina ucheshi wowote.

Lazima pia tutambue malori ambayo injini zake hazina hatia kabisa. Klachi ikiteleza, injini hupaa na gari likabaki. Harufu yake humtangulia dereva kwenye kila maelezo. Breki za tela zikishika bila kuachia, lori huwa linavuta mzigo pamoja na ukaidi. Kuipima hii hakuhitaji shule: simama, zunguka na kiganja bila kugusa, karibu na kila ringi ya gurudumu. Ile inayokuchoma kwa mbali imekuwa ikiungua tangu Mikumi.

Sasa tunaweza kumruhusu mtuhumiwa aingie. Turbo hupimwa kwa kufungua hozi yake ya kuvutia hewa na kuishika nati iliyo katikati kwa vidole viwili. Itikise upande kwa upande: itacheza kidogo. Hapa ndipo wengi waliponyongwa bila kosa, kwa sababu fundi huitikisa mbele ya mwenye mali na kusema, "Unaona? Imekufa." Haijakufa. Shafti inayoelea juu ya oili lazima icheze kidogo injini ikiwa imezima, ndivyo ilivyoumbwa. Kinachotakiwa kukuogopesha ni shafti kwenda mbele na nyuma, au visu kugusa ukuta na kuacha mikwaruzo inayong'aa. Na hata ukiyakuta hayo, swali linalofuata ni nani aliyeiua. Mara nyingi ni dereva aliyefika juu ya mlima, turbo ikiwa ya moto kupindukia, akazima injini hapohapo kwa furaha ya kufika bila kuiacha isilensi dakika chache. Oili iliyosimama kwenye chuma cha moto huganda na kuwa masizi, na bomba la kuipeleka huziba. Turbo mpya ikifungwa kwenye bomba hilohilo hufa kwa njaa ileile, safari hii ikiwa na risiti.

Ipo pia aina ya upungufu ambayo haionekani kwenye lori ila kwenye daftari. Gari linafika Tunduma salama, lakini dizeli imekwisha kabla ya hesabu. Dereva anaeleza: turbo haipulizi, gari inakunywa. Ustadi wa hoja hii ni kwamba kifundi ni sahihi kabisa. Lori lenye mvujo wa hewa hunywa zaidi kweli. Mwenye mali hawezi kuikataa bila kusafiri. Madumu yaliyojazwa kando ya barabara usiku hayana moshi, na kwa hiyo yako nje ya mipaka ya uainishaji huu.

Nimalizie na tahadhari ya kimbinu kwa watakaotaka kukusanya takwimu. Mafundi wa Iringa wana sifa ya kuponya malori kuliko wenzao wote wa barabara hii, na sifa hiyo itamvutia mtafiti mchanga. Aangalie kwanza lori limeelekea wapi. Lori linalokwenda Dar es Salaam likitengenezwa Ipogolo, pale Iringa, karibu kila kilicho mbele yake ni mteremko. Kitonga yenyewe italiteremsha, na chochote alichokifanya fundi, hata kama ni kufuta vumbi kwenye kioo, kitaonekana kimefanya kazi. Fundi analijua hilo. Ndiyo maana hutoa garantii kwa ukarimu, anaandika kwa mkono wake nyuma ya risiti, na ukisoma kwa makini utakuta inaishia Chalinze.